Kijito Nilichokiacha Nje ya Ramani

Iko siku moja, mjukuu wangu Chebet, ambayo kila nikiikumbuka huwa natamani niwe peke yangu, mtu asiuone uso wangu. Leo nitaikumbuka mbele yako. Jana ulikuja hapa na wenzako wa kamati ya maji mkaniomba nisimame mbele ya watu siku ya kufungua tangi jipya. Mkasema mtaandika jina langu ukutani, kwamba mimi ndiye mzee wa kwanza kuchora ramani ya mto Chepkoswa. Nilinyamaza, nanyi mkadhani nimejawa na furaha. Haikuwa furaha. Kaa hapo kwenye kigoda, ujimiminie chai, unisikilize mpaka mwisho. Baadaye utaamua mwenyewe ni jina la nani linafaa kuandikwa.

Mto wetu unaujua. Unatoka msituni, kwenye chemchemi zilizo chini ya mianzi, unateremka katikati ya mashamba ya chai, na pale penye mikaratusi unapokea kijito cha Kapseger mkono wa kulia. Halafu unapinda nyuma ya shule ya msingi, unapokea Ndubai mkono wa kushoto, unapita chini ya daraja na kwenda kujiunga na mto mkubwa. Mtu mwenye haraka atakwambia ni hivyo tu. Mimi nilikuwa mtu mwenye haraka.

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na hapa kwetu hakuna aliyeweza kuchora kama mimi. Wakati huo watu walikuwa wamechoka kupanda na kushuka na mitungi, wakaunda kamati ili walete maji kwa bomba. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu arap Tonui, mzee mrefu aliyekuwa amestaafu, aliyetufundisha karibu sote kusoma. Akaniita nyumbani kwake, akanipa karatasi za miraba na penseli mbili.

"Kiplangat," akaniambia, "mto wenyewe kila mtu anauona. Nataka unichoree maji yote yanayoingia ndani yake. Kila kijito kifuate mpaka kinapoanzia, uandike kilicho juu yake. Kama ni choo, andika. Kama ni zizi, andika. Hata mfereji mkavu, ufuate. Chukua siku tatu. Fundi ataweka mdomo wa bomba, pale maji yatakapoingilia, kulingana na kazi yako."

Nikasema sawa, Mwalimu. Nilitoka pale kifua mbele, nikiwa nimeweka penseli nyuma ya sikio ili watu wa njiani waione.

Ilikuwa Januari, jua kali, nyasi zimekauka. Siku ya kwanza niliifanya kazi vizuri, siwezi kujisingizia. Nilianzia msituni, nikafika Kapseger, nikakifuata mpaka juu, nikarudi. Kabla mto haujapinda kuelekea shuleni kulikuwa na mfereji uliojaa mafunjo na upupu, hauna hata tone la maji. Nikasimama mbele yake. Upupu ule ulikuwa umefika kiunoni. Nikageuza uso, nikaanza kuondoka.

Upande wa pili kulikuwa na mama anachuma chai, kikapu mgongoni. Nilimfahamu kwa kumwona. Alikuwa Mkisii, jina la mtoto wake Nyaboke, kwa hiyo wote tulimwita Mama Nyaboke. Mume wake alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha chai, akafariki, naye akabaki huku na binti yake. Alikodi nyumba na kipande cha shamba kwa jirani yetu. Alikuwa na miaka saba hivi hapa kwetu, na kila siku asubuhi na jioni alishuka mtoni kuchota maji.

"Kijana, hujambo," akaniita. "Unapima mto?"

"Nachora."

"Basi hapo umeruka moja." Akanyoosha kidole kwenye mfereji. "Saa hii iko kavu. Lakini mvua ikija inashuka kutoka kule kwa josho ya ng'ombe. Maji yake inakuwa nyeupe, na inanuka dawa. Sisi wamama hatuchoti chini yake wakati wa mvua. Enda uone juu, kuna shimo wanamwagia dawa ya josho, na hiyo shimo imejaa."

Mwanangu, angalia jinsi nilivyosaidiwa. Kila kitu Mwalimu alichonituma kutafuta kiliwekwa mkononi mwangu, bila mimi kuguswa na upupu hata kidogo. Nilichotakiwa kufanya ni kuandika mstari mmoja. Lakini wachumaji wengine walikuwa wamesimama wanasikiliza, na mimi nilikuwa msomi mwenye penseli nyuma ya sikio.

Nikamwambia, "Mama, wewe ulikuja hapa juzi na mzigo kichwani. Babu yangu alikunywa maji ya huu mto kabla wewe hujazaliwa. Leo ndiyo utanifundisha mto wetu?"

Wawili watatu wakacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Haya, kijana," akarudi kwenye chai yake.

Siku ya pili na ya tatu sikuonekana mtoni. Kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akiandika kilo kwenye banda la kupimia majani (usiende kumuuliza nyanya yako, hakuwa yeye), nami nilikaa pale juu ya magunia, nikachora sehemu iliyobaki kutoka kichwani, na yeye akawa anasifu mwandiko wangu. Ndubai nilichora kwa kukumbuka. Ule mfereji sikuuchora kabisa.

Jioni ya siku ya tatu nilimpelekea Mwalimu. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, akaitandaza mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Umeutembea wote?"

"Wote, Mwalimu."

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

Akanipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Fundi wa maji alipokuja naye alikuta nchi kavu. Akatazama ramani yangu, akaona kwamba kati ya Kapseger na shule hakuna kitu kinachoingia mtoni, akasema mdomo wa bomba ukae pale kwenye kona, panapofaa kwa mteremko. Pale ni chini kidogo ya mfereji. Wanaume walichimba mitaro, akina mama wakabeba mchanga na mawe. Mama Nyaboke naye alibeba. Mwezi wa tatu maji yakatoka shuleni, kanisani na pale madukani. Watu waliimba. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wote akasema, huyu kijana ameutembea mto wetu wote. Mama yangu alilia kwa furaha. Nami nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kisha mvua ikaja.

Siku ya pili ya mvua kubwa, watoto walikunywa maji ya shule wakati wa mapumziko. Kabla ya saa sita walikuwa wanaanguka darasani. Walitapika, mate yakawatoka bila kukoma, mikono na miguu ikawa inarukaruka yenyewe. Mdogo wangu Kibet, wa darasa la tatu, alikuwa mmoja wao. Lori la chai lililokuwa likipita lilimwaga majani yake kando ya barabara na kuwapakia watoto wote. Mama yangu alipanda nyuma akiwa amemshikilia Kibet kifuani. Daktari alipowaona tu aliuliza, "Hawa wamekunywa nini? Hii ni sumu."

Maneno hayo yalinifikia nikiwa nyumbani, na pale pale niliuona ule mfereji na mafunjo yake, kana kwamba uko mbele yangu. Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilijua. Nilikimbia madukani, nikafunga bomba la pale na lile la kanisa, nikawaambia watu wasinywe. Lakini kwa nini wasinywe, hilo sikulisema.

Hakuna mtoto aliyekufa. Watu huniambia ilikuwa bahati, na mimi huitikia. Lakini Kibet alilala hospitalini siku nyingi, na alipotoka hakuweza kushika kalamu vizuri kwa muda mrefu. Nilimwona akifundishwa upya kuandika jina lake, nami nikiwa yule mwenye mwandiko mzuri.

Jumamosi chifu aliita baraza kwenye uwanja wa shule. Mwalimu arap Tonui hakuwepo, alikuwa hospitalini na watoto. Watu walikuwa na hasira na hawakujua waitupe wapi. Ndipo bwana mmoja akasimama akasema, "Mimi nina swali moja. Watoto wetu wote wameugua. Mtoto wa huyu mama peke yake ni mzima. Alijuaje?"

Uwanja ukaanza kunguruma. Watu wakageuka kumtazama Mama Nyaboke. Mwingine akasema, "Hawa watu wa kuja, huwezi kujua wanabeba nini." Nilisikia neno dawa, nikasikia neno sumu, na yote yalikuwa yakielekezwa kwake.

Akasimama, amemshika Nyaboke mkono.

"Nilijua kwa sababu mimi ndiyo nachotanga maji," akasema. "Huyu mtoto nilikuwa nampea maji ya chemchemi kwa chupa. Wamama wenzangu niliwaambia, wakanicheka, wakasema bomba imepimwa na wasomi. Na kabla ya bomba nilimwambia yule kijana wa ramani. Ako hapo. Muulizeni."

Chifu akaniangalia. "Kiplangat, ni kweli huyu mama alikwambia?"

Mama yangu alikuwa amekaa mbele, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Yule msichana wa banda la chai alikuwepo. Wale wachumaji waliocheka siku ile walikuwepo, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilisimama, na bado nasikia sauti yangu ilivyotoka, nyembamba.

"Sikumbuki," nikasema. "Sikumbuki kuongea na huyu mama."

Hakunitukana. Alinitazama tu, akasema polepole, "Hukumbuki." Halafu akakaa chini, akamvuta binti yake karibu.

Jumapili mwenye shamba alimwambia aondoke. Jumatatu asubuhi alipita barabarani na godoro kichwani, sufuria zimefungwa kwa shuka, na Nyaboke nyuma yake amevaa sare ya shule kana kwamba anakwenda darasani. Nilikuwa kwenye chai yetu. Nilichuchumaa katikati ya michai mpaka wakapita. Mwanamume wa miaka ishirini, mwanangu, nimejificha kwenye majani ili mtoto wa shule asinione.

Mwalimu alirudi kutoka hospitalini siku hiyo hiyo, akasikia yaliyotokea. Hakuniita. Jumanne alivaa gambuti zake za mpira, akachukua fimbo na ramani yangu, akaenda kuutembea mto mwenyewe, kwa umri wake, mvua ikimnyeshea. Saa nane mchana nilimwona anaingia kwetu, suruali imelowa mpaka mapajani, mikono yote imevimba kwa upupu.

"Chukua gambuti zako," akaniambia.

Tulifuata ukingo wa mto. Tulipofika kwenye mfereji haukuwa mfereji tena. Ulikuwa kijito kinachokwenda mbio, maji meupe, harufu yake inapanda puani. Kiliingia mtoni hatua chache tu juu ya mdomo wa bomba.

Akanipa ramani na penseli. "Chora."

Nilichora ule mstari. Nikasema, "Mwalimu, nisamehe."

"Mimi sikunywa hayo maji, wala sikufukuzwa kwangu. Kwa nini unaniomba mimi?" Kisha akauliza, "Uliambiwa?"

"Niliambiwa."

"Na huyo mama?"

"Na yeye. Alinionyesha kwa kidole."

Akakaa kwenye jiwe, akavua kofia, mvua ikawa inampiga kichwani. Nilitarajia fimbo. Ningeifurahia fimbo siku ile. Badala yake akasema, "Miaka minane nilikufundisha kusoma na kuandika. Kumsikiliza mtu sikukufundisha. Kosa hilo ni letu wawili. Lakini hilo neno ulilosema barazani, hilo ni lako peke yako, na utalibeba wewe."

Chifu aliita baraza lingine, nikasimama na kusema yote. Mdomo wa bomba ukahamishwa juu ya Kapseger, na shimo la josho likafukiwa, likachimbwa lingine mbali na maji. Watu walikasirika, kisha wakapoa, kwa sababu nilikuwa mtoto wao. Mama Nyaboke hakupewa nafasi ya watu kupoa.

Nilimtafuta. Nikasikia yuko Sigor, kwa dada yake, anauza ndizi. Nilimkuta amekaa nyuma ya ndizi zake kwenye vumbi, na mtungi kando yake. Kule maji yalikuwa ya kuchota kwenye lambo, mbali. Aliponiona hakusimama.

"Watoto wamepona?" hilo ndilo neno lake la kwanza.

"Wamepona, mama. Nimekuja kusema nilidanganya. Nilikumbuka. Nimewaambia watu wote."

Akapanga ndizi zake, moja baada ya nyingine. "Umewaambia. Na hapa nani ameambia watu? Nyaboke ameuliziwa hapa shuleni kama mama yake ni ule wa sumu. Hiyo habari imenifuata mpaka hapa."

"Rudi, mama. Watu wanataka urudi."

"Siwezi kurudi kwa maneno yako, kijana. Maneno yako nimeshaona. Wale walinifukuza waandike kwa mkono wao kwamba sikufanya kitu, waniletee hiyo karatasi, nimpe mwalimu wa Nyaboke asome. Hapo nitajua kama nitarudi ama sitarudi."

Nilirudi nikasema. Wazee waliandika barua ile, Mwalimu akiwa wa kwanza kuweka sahihi, na yule mwenye shamba akaweka kidole gumba. Nikapewa mimi niipeleke.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoona haya zaidi, na hapa sikuwa tena mbele ya baraza wala mbele ya chifu. Nilikaa na ile barua. Kwanza nilisema chai imeiva sana, wiki ijayo nitakwenda. Halafu barabara imeharibika. Halafu ng'ombe amezaa. Ukweli ni kwamba niliogopa macho yake. Mwalimu aliponiuliza nilisema imefika. Ndiyo, Chebet, nilimdanganya tena, na alikufa akiamini.

Nilipofunga safari miezi minne ilikuwa imepita. Pale penye ndizi alikuwa mama mwingine. Dada yake alikuwa amehama pia. Wakaniambia Mama Nyaboke amerudi Kisii, na hakuna aliyejua kijiji. Niliuliza kila Mkisii niliyekutana naye kiwandani na sokoni, mwaka baada ya mwaka. Labda yuko hai, labda hayuko. Nyaboke mwenyewe leo atakuwa nyanya wa watu. Sijui kama aliwahi kusoma kwamba mama yake hakuwa na hatia.

Barua ndiyo hii. Ishike polepole, imechanika kwenye mikunjo. Usiniambie ni mambo ya zamani. Nimeona unafuta macho, lakini sikukuita ulie.

Nimekuita nikushauri, mwanangu. Ninyi mnapima mto kwa simu na kwa picha zinazopigwa kutoka angani, na ni vizuri. Lakini kijito kilichokauka Januari hakionekani kwenye picha. Vaa gambuti, utembee, na usiseme umetembea mahali ambapo mguu wako haukukanyaga. Ukikutana na mtu anayechota maji, simama. Yeye anaujua mto kwa mgongo wake. Usimuulize alitoka wapi, ana miaka mingapi hapa, anasema Kiswahili gani. Muulize anajua nini, kisha uandike kabla hujapinga. Mtu akisingiziwa na wewe unajua ukweli, sema pale pale, hata ukiogopa, kwa sababu kesho yake atakuwa amefunga godoro. Na ukiwa na msamaha wa kuomba, upeleke leo. Mimi nilikuwa nao mfukoni, umekunjwa vizuri, umewekwa sahihi, na haukumsaidia mtu.

Jina langu msiliandike. Siku hiyo nitakuja, na nikipewa nafasi nitaisoma hii barua kwa sauti, mbele ya watu wote. Na kile kijito cha josho, ambacho mpaka leo hakina jina kwenye ramani yoyote, uliza kamati kama kinaweza kuitwa kwa Mama Nyaboke. Wakikataa, wewe kiandike kwenye ramani yako.

Njoo karibu nikuwekee mkono kichwani. Mungu akupe miguu isiyokwepa upupu, na masikio yanayomheshimu kila mtu. Akupe ujasiri wa kusema nimekosa wakati neno hilo bado linaweza kumfaa mtu. Watoto wa hapa wanywe maji mliyoyaleta, walale, waamke wazima. Nenda, mwanangu, ukafanye kazi yako vizuri kuliko nilivyofanya mimi yangu.